Kikulacho ki Nguoni Mwako: Jeni Kupe, Kuzaliwa kwa Spishi na Dhima ya Mwanafunzi wa Kiswahili

Wengi wetu tuliokulia Mji wa Kale, Mombasa, tunazikumbuka barua zilizokuwa zikiokotwa barazani asubuhi. Ilikuwa karatasi moja tu, wino umefifia kwa kutolewa nakala mara nyingi, ikimwamuru mwenye kuiokota atoe nakala nyingine kadhaa na kuwagawia majirani. Mwenye kutii aliahidiwa riziki; mwenye kupuuza alitishiwa balaa. Baadaye barua hizo zilihamia kwenye simu za mkononi, na hadi leo zingali zikitufikia. Ukiiondoa amri ya kunakiliwa, aghalabu barua yenyewe haina habari yoyote. Ilienea kutoka mtaa hadi mtaa, si kwa sababu ilimfaa msomaji, bali kwa sababu iliweza kumfanya msomaji aieneze.

Nimeanza na barua hiyo kwa kuwa ndani ya kila kiumbe mna maandishi ya namna hiyo. Wanasayansi wanaoyachunguza wamegundua jambo la ajabu zaidi: maandishi hayo yasiyomfaa mwenyewe yanaweza kuchangia kuwatenga viumbe wa asili moja hata wakawa spishi mbili. Rai yangu katika makala hii ni kwamba jambo hilo linatuhusu sisi wanafunzi wa Kiswahili kuliko tunavyodhani. Linatuhusu kwa sababu limejengwa juu ya sitiari, na sitiari ndiyo kazi yetu. Linatuhusu pia kwa sababu watu wa Afrika Mashariki wanakaribia kuulizwa swali zito juu ya mbu, na hawawezi kulijibu kwa lugha ambayo hawaitumii kufikiri.

Mswada na mnakili wake

Tungo za Muyaka bin Haji wa Mvita zimetufikia kwa sababu walikuwapo watu walioziandika na kuzinakili, miongoni mwao Mwalimu Sikujua na Mwingereza W. E. Taylor, mwishoni mwa karne ya 19. Ubeti ulidumu kwa kuwa watu waliupenda na kuuhifadhi. Hivyo ndivyo wengi wetu tulivyofundishwa kuhusu jeni pia: jeni hudumu kwa kumfaa kiumbe anayeibeba. Isitoshe, tulifundishwa kanuni ya Mendel, kwamba kati ya nakala mbili za jeni alizo nazo mzazi, kila moja ina nafasi sawa ya kurithiwa na mtoto. Ni mgawanyo wa haki, nusu kwa nusu.

Hata hivyo, zipo jeni zisizoiheshimu kanuni hiyo. Baadhi hujinakili na kuruka kutoka sehemu moja ya kromosomu hadi nyingine. Barbara McClintock alizigundua katika mahindi miaka ya 1940, akatunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1983. Uchambuzi wa kwanza wa jenomu ya binadamu, uliochapishwa mwaka 2001, ulionyesha kwamba takriban asilimia 45 yake imetokana na vipande vya aina hiyo, ingawa vingi vyao havina tena uwezo wa kuruka. Nyingine huziharibu mbegu za uzazi ambazo hazikuzibeba, ili karibu watoto wote wazirithi. Wapo pia bakteria wanaoishi ndani ya seli na kurithiwa kupitia mayai ya mama, ambao huupotosha uzazi wa mwenyeji wao kwa faida yao. Wataalamu wengi huwaweka katika kundi hilohilo, kwa kuwa nao huishi kwa kuipinda kanuni ya urithi.

Kipepeo wa Afrika Mashariki

Mfano ulio dhahiri hauko mbali. Kipepeo aitwaye kitaalamu Danaus chrysippus ni wa kawaida mno katika nchi zetu. Ana rangi ya machungwa iliyokoza, tena huruka polepole kama asiye na adui. Viwavi wake hula mimea yenye utomvu mweupe wa sumu, na ndege wamejifunza kumwepuka. Wako wenye ncha nyeusi za mabawa ya mbele zilizopambwa kwa utepe mweupe. Wako wasio na weusi huo. Hawa wa pili ndio walioenea kaskazini mashariki mwa Afrika, ilhali wengine wameshika sehemu nyingine za bara. Hapa Kenya, aina hizo hukutana na kuzaana.

Mwaka 1968, D. F. Owen na D. O. Chanter walichapisha utafiti juu ya vipepeo hao nchini Uganda, wakaonyesha kwamba majike walikuwa wengi kupita kiasi. Miongo mitatu ikapita kabla ya sababu kujulikana. Mwaka 2000, watafiti walibainisha kwamba majike wengi hubeba bakteria wa jenasi ya Spiroplasma, ambaye huua viinitete vya kiume ndani ya mayai. Mantiki yake ni katili lakini ni nyepesi. Bakteria huyo hurithiwa kupitia mama pekee. Kwake yeye, mtoto wa kiume ni njia isiyo na mwisho mwema. Akimuua dume, dada zake hubaki na chakula zaidi, na dada hao ndio watakaombeba bakteria hadi kizazi kijacho.

Kisa hakiishii hapo. Mwaka 2020, kundi la watafiti lililoongozwa na Simon Martin lilichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba katika majike wengi wa Kenya, kromosomu yenye jeni za rangi ya mabawa imeungana na kromosomu ya jinsia ambayo mama humpa binti tu. Kwa hivyo, bakteria na kromosomu hiyo husafiri pamoja daima, mfano wa abiria wawili katika jahazi moja. Bakteria alipoenea, kromosomu nzima ilienea naye, pamoja na alama za rangi ilizozibeba. Haikuenea kwa ubora wake, ilidandia tu. Aidha, watoto wa kiume wa majike hao wanapokufa, njia mojawapo ambayo jeni za pande mbili zingepita na kuchanganyika inakatika. Baadhi ya watafiti wanaona hapo mwanzo wa mpaka. Sharti tuseme kweli: vipepeo hawa hawajawa spishi mbili, na sehemu kubwa ya jenomu zao bado imechanganyika. Hata hivyo, tunaloliona ni mpaka unaojengwa na kitu kisichoujua mpaka wenyewe.

Mwizi, komeo na mtoto wa mitaa miwili

Mpaka huo unaweza kukamilika vipi? Tutumie mfano. Kulikuwa na mitaa miwili isiyotembeleana. Katika mtaa wa kwanza alizuka mwizi hodari wa kufungua milango. Wenyeji wakabuni komeo la siri, kila nyumba ikatia lake, wizi ukakoma. Vizazi vikapita, na watu wakasahau kwamba mwizi yungali mtaani, kwa kuwa hana aibacho. Mtaa wa pili haukuwahi kumjua mwizi huyo, wala haukuwa na haja ya komeo. Siku moja watu wa mitaa hiyo wakaoana. Mtoto wao akarithi mwizi kutoka upande mmoja, na milango isiyo na komeo kutoka upande wa pili. Tahamaki, nyumba yake imeporwa.

Badala ya mwizi, weka jeni inayoharibu mbegu za uzazi. Badala ya komeo, weka jeni iliyotokea ili kuizima. Ndani ya kila jamii kuna amani, au tuseme mapatano. Chotara ndiye anayeyavunja mapatano hayo bila kujua, na adhabu yake ni utasa. Wazo hili lilipendekezwa mwaka 1991 na Steven Frank, na mwaka huohuo na Laurence Hurst na Andrew Pomiankowski. Lilikusudiwa kusaidia kufafanua kanuni aliyoitaja J. B. S. Haldane mwaka 1922, kwamba spishi mbili zikizaana na jinsia moja ya machotara ikawa tasa au ikakosekana, aghalabu huwa ni ile yenye kromosomu mbili za jinsia zisizofanana. Wengi walilitilia shaka. Kisha mwaka 2009, Nitin Phadnis na H. Allen Orr walichapisha utafiti juu ya nzi wa matunda wa Marekani na jamaa zao wa Bogotá, nchini Colombia. Waligundua jeni moja yenye sura mbili: ndiyo inayochangia utasa wa machotara wa kiume, na ndiyo inayowafanya machotara hao, wanapojaliwa kuzaa uzeeni, wapate takriban mabinti watupu. Mwizi alishikwa na funguo mkononi.

Sidai kwamba kila spishi huzaliwa hivyo. Milima, bahari, chakula na makazi vina nguvu kubwa. Huko Rabai, nyuma ya Mombasa, watafiti wa karne iliyopita walikuta mbu Aedes aegypti wa namna mbili karibu karibu: mmoja wa msituni, aliyezaliana katika mashimo ya miti, na mwingine wa nyumbani, aliyezaliana katika mitungi ya maji. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba yule wa nyumbani alivutwa zaidi na harufu ya binadamu. Hapo kilichowatenga ni mtungi na harufu. Hatuhitaji kumtafuta mwizi wa ndani. Ninachosema ni kwamba orodha ya wajenzi wa mipaka ya viumbe ni ndefu kuliko tulivyofundishwa, na mmoja wao hukaa ndani ya nyumba anayoibomoa. Wahenga walikwisha kutupa kauli yake: kikulacho ki nguoni mwako.

Ubinafsi, umimi au kupe?

Kwa Kiingereza jeni hizi hupewa sifa ya ubinafsi, na kitabu cha Richard Dawkins cha mwaka 1976 kimeieneza sifa hiyo duniani. Wanaoitafsiri kwa haraka huandika "jeni zenye ubinafsi" au "jeni choyo". Mimi sikubaliani nao, nami nina sababu mbili.

Kwanza, ubinafsi, uchoyo na umimi ni tabia za mwenye nia. Katika Kiswahili, maneno haya yana uzito wa kimaadili. Mtu huyasikia na papo hapo akaanza kuhukumu. Jeni haina nafsi, basi itakuwaje na ubinafsi? Pili, maneno hayo hayaelezi utendaji. Mchoyo ni mtu asiyetoa. Jeni hizi, kinyume chake, hujitoa nakala bila kikomo.

Napendekeza "jeni kupe". Kupe hahukumiwi kwa nia yake. Hujulikana kwa uhusiano wake na ng'ombe. Anaishi juu ya damu asiyoitengeneza, na ng'ombe akifa, naye yumo hatarini. Istilahi hiyo inamfanya msikilizaji aulize mara moja: kupe wa nani, anakula nini, anahamaje? Hayo ndiyo maswali ya kisayansi. Naitambua kasoro yake. Kupe hutoka nje, ilhali jeni hizi hurithiwa. Tena, katika siasa za Ujamaa nchini Tanzania, neno kupe lilitumiwa kuwabeza wanyonyaji, kwa hivyo halikukosa hukumu kabisa. Lakini sitiari haihitaji kufanana na kitu kwa kila hali. Yahitaji kufanana nacho pale panapotufaa, na mwandishi aseme wazi inapokomea. Kazi hiyo ya kupima sitiari, na kutangaza ukomo wake, ndiyo tunayoifanya kila siku tunapochambua ushairi. Kwa nini tuwaachie wengine inapohusu uhai wenyewe?

Hakuna masika yasiyo na mbu

Msomaji anaweza kuuliza: hata tukiyajua haya, yatatusaidia nini? Jibu langu ni mbu.

Baada ya kuelewa jinsi jeni kupe zinavyojieneza, wanasayansi wameanza kuunda za kwao. Hizi huitwa msukumo wa jeni: jeni inayotengenezwa maabarani na kupachikwa katika mbu ili irithiwe si na nusu ya watoto, bali na karibu wote. Mwaka 2018, watafiti wa Imperial College London walichapisha jaribio ambamo msukumo wa aina hiyo uliangamiza jamii nzima za mbu Anopheles gambiae ndani ya vizimba, katika vizazi 7 hadi 11. Huko Bagamoyo, watafiti wa Taasisi ya Afya ya Ifakara wamekuwa wakifanya utafiti wa mbu waliobadilishwa jeni katika maabara iliyofungwa. Malaria huua mamia ya maelfu ya watu kila mwaka, wengi wao wakiwa watoto wa Afrika. Asiyeitaka tiba ya msiba huo hajawahi kukesha na mtoto mwenye homa.

Lakini hapa ndipo suala la spishi linaporudi. Katika pwani ya Kenya, mbu tunaowaona kuwa wamoja si wamoja. Kuna Anopheles gambiae, kuna Anopheles arabiensis, kuna pia Anopheles merus anayependa maji ya chumvichumvi. Kwa macho hawatofautiani. Machotara wao wa kiume huwa tasa, ila wa kike huweza kuzaa, na utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba jeni zimepita baina ya spishi hizo katika historia yao. Basi jeni kupe ikiachwa huru katika spishi moja, je, mpaka wa spishi utaizuia au utaipitisha? Hilo si swali la maabara peke yake. Ni swali la mkazi wa Kibokoni na Majengo, na la mkulima wa Kilifi, kwa kuwa kinachoachwa huru hakiulizi mpaka wa kata wala wa nchi.

Pwani hii si ngeni katika mambo hayo. Miaka ya 1970, mbu wa kiume wa Aedes aegypti waliobadilishwa kromosomu waliachiliwa katika pwani ya Kenya ili kupunguza uzazi wa wenzao. Hawakuwa na msukumo wa kujieneza, na taarifa ya jaribio hilo ilichapishwa mwaka 1977 katika jarida la Marekani, kwa Kiingereza. Leo Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi, na inampa raia haki ya kupata habari. Habari isiyoeleweka si habari. Tuwatazame wenzetu: nchini Burkina Faso, kabla ya uamuzi juu ya mbu wa aina hii, faharasa ya istilahi kwa Kijula ilitungwa kwa kushirikiana na wanajamii. Hata hivyo, mnamo Agosti 2025 serikali ya nchi hiyo iliusimamisha mradi uliohusika. Funzo ninalolipata si kwamba faharasa haina kazi. Ni kwamba lugha haileti ridhaa kwa lazima. Huleta uwezo wa kukubali au kukataa kwa kujua.

Pingamizi mbili

Kuna watakaosema kwamba Kiswahili hakina istilahi za kutosha. Hoja hiyo imechakaa. TUKI ilichapisha kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia tangu mwaka 1990. Upungufu wetu si wa maneno. Ni wa maelezo. Tumezoea kutunga istilahi, kuzipanga kwa alfabeti, kisha kuzifungia kabatini. Istilahi isiyowahi kuingia katika sentensi ya mtu aliyeketi barazani ni maiti iliyovishwa nguo nzuri.

Kuna pia watakaosema kwamba mada ya mageuko ya viumbe hugongana na itikadi za watu wetu. Naiheshimu hoja hii, maana nami ni wa huku. Lakini kipepeo hatutaki tubadili imani kabla ya kumtazama. Anayetia mayai yake katika chupa na kuhesabu madume na majike wanaoanguliwa ataona anachokiona.

Nilimsimulia kisa hicho mzee mmoja katika baraza la Mji wa Kale, bila neno hata moja la Kiingereza. Alinyamaza, akanywa kahawa yake, kisha akaniuliza: "Mwanangu, na hao waume wakisha wote, huyo mdudu naye atakula kwa nani?" Sikuwa na la kuongeza. Wanasayansi wanaochunguza bakteria wauao madume hujiuliza swali hilohilo, kwa kuwa kupe anayefanikiwa kupita kiasi huweza kumwangamiza mwenyeji wake na kujiangamiza mwenyewe.

Kwangu mimi, hicho ndicho kipimo cha tafsiri. Tusipime istilahi kwa kuuliza iwapo inafanana na neno la Kiingereza. Tuipime kwa swali linaloizaa kwa msikilizaji. Napendekeza basi kwamba chama chetu kishirikiane na wanafunzi wa sayansi wa vyuo vyetu, tuandike maelezo ya mada kama hizi, tuyapeleke barazani kabla ya kuyapeleka kwa wahariri, na turekebishe kila mahali ambapo wazee na vijana watabaki kimya. Siku wajumbe wa mbu watakapopiga hodi katika mitaa yetu, na wakaulizwa kwa Kiswahili, kwa utulivu: "Huyu wenu akivuka kwa nduguye, mtamzuia kwa komeo gani?" tutakuwa tumetimiza dhima yetu. Kazi kwetu.